Huruma Isiyouliza ni Nusu ya Huruma



Kila mara nchi jirani inapowaka moto, tangazo husomwa kanisani kabla ya baraka ya mwisho: wenzetu wanahitaji chakula, mavazi na dawa, sadaka ya pili ya Dominika ijayo itakuwa kwa ajili yao. Waamini hutoa. Mhasibu wa parokia huhesabu, fedha hupelekwa jimboni, na habari huishia hapo. Dominika inayofuata hakuna aulizaye fedha zile zilinunua nini, zilimfikia nani, wala ni nani aliyewafukuza watu wale makwao. Desturi hiyo imezoeleka hata ikaitwa huruma.

Kijitabu hiki kinasema kwamba hiyo ni nusu tu ya huruma, na kwamba nusu hiyo ikiachwa peke yake yaweza kuwalisha wauaji. Neno hili ni zito. Hatulisemi kwa kupenda maneno makali, bali kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kutokea, tena katika ardhi yetu wenyewe, wilayani Ngara.

1. Yaliyotokea Benaco

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba halijapata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa kasi namna ile. Watu hao walipiga kambi Benaco. Katikati ya Julai mwaka ule ule, wengine wapatao milioni moja waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu miongoni mwao.

Hakuna Mkristo awezaye kusema kwamba watu hao hawakustahili kulishwa. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Mashirika ya kimataifa, Msalaba Mwekundu na makanisa walileta unga, maharagwe, mafuta, maturubai na maji safi, na kwa kazi hiyo maisha ya watu wengi sana yaliokolewa. Kazi hiyo tunaiheshimu, na wale walioifanya usiku na mchana tunawaombea thawabu kwa Mungu.

Lakini ndani ya umati ule walikuwamo pia watu waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari, ambayo kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliangamiza watu 800,000 hivi, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda zaidi ya milioni moja. Walivuka mpaka pamoja na watu wao, komini kwa komini, wakuu wao wakiwaongoza. Na kwa kuwa mashirika yalikuwa na haraka ya kulisha, katika kambi nyingi chakula kiligawiwa kwanza kwa njia iliyokuwa rahisi: mkuu alitaja idadi ya watu wake, akapokea magunia, akagawa mwenyewe. Basi mtu aliyekuwa juzi akiamua nani afe, leo aliamua nani ale. Alitaja watu wengi kuliko waliokuwapo. Ziada akaiuza au akawalisha wanamgambo. Aliyemtii alipata mgawo. Aliyetaka kurudi kwao, au aliyethubutu kusema aliyoyaona, aliishi kwa hofu, na wako waliouawa kwa ajili hiyo.

Mfano mmoja unatosha. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komini ya Murambi, aliishi Benaco kama mkimbizi mwenye heshima kati ya watu wake. Juni 1994 ilipotakiwa aondolewe kambini, maelfu ya watu walikusanyika kumtetea na kuwatisha wafanyakazi wa misaada. Miaka mingi ilipita kabla haki haijamfikia. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaiweka adhabu yake kuwa kifungo cha miaka 40.

Mwishoni mwa mwaka 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka katika kambi hizo, likisema kwamba haliwezi kuendelea na kazi ambayo inawatia nguvu wauaji. Mashirika mengine yalibaki, yakisema kwamba mtoto mwenye njaa hana hatia ya baba yake. Walioondoka walikuwa na sababu, na waliobaki walikuwa na sababu. Wasiokuwa na sababu yo yote ya kujitetea ni wale waliotoa fedha zao wakiwa mbali, wakasifiwa kwa ukarimu wao, wasiulize neno.

2. Mitume waliikagua orodha

Wako waamini wasemao kwamba kuuliza namna hii ni kukosa imani. Hulitaja lile neno la Bwana juu ya mkono wa kulia na wa kushoto (Mt 6:3), wakadai kwamba mtoaji akishatoa hapaswi kufuatilia. Wanalipotosha. Katika neno lile Bwana alikataza kujionyesha mbele ya watu. Hakukataza kuwajibika mbele ya maskini.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Ugomvi wa kwanza tunaousoma ndani ya Kanisa la Yerusalemu juu ya huduma ulikuwa ugomvi wa mgawo. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na watu wao wakanung’unika. Mitume walifanya nini? Hawakuwaambia wanung’unikaji wanyamaze na kusali. Hawakusema kwamba mambo ya chakula ni ya dunia. Waliitisha mkutano wa jumuiya nzima, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema ili waisimamie kazi hiyo, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Maana yake, orodha ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa. Kanisa la mwanzo lilielewa jambo ambalo kamati nyingi za leo hazijalielewa: swali la nani ameshika orodha ni swali la Injili.

Paulo naye, alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzipeleka peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, akaeleza wazi kwamba anataka mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2 Kor 8:18-21). Na Msamaria wa Injili, ambaye kila mhubiri humtaja sadaka ya wahanga inapochangwa, hakumaliza kazi yake kwa mafuta na divai. Alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akalipa, kisha akaahidi kwamba atarudi na kuangalia hesabu (Lk 10:35). Wengi humwiga Msamaria mpaka kwenye malipo. Ahadi yake ya kurudi wameiacha njiani.

3. “Kanisa litoe chakula, liache siasa”

Maneno haya tunayasikia kwa wakubwa, na siku hizi tunayasikia hata kwa baadhi ya viongozi wa walei. Kanisa likichimba kisima husifiwa. Likiuliza kwa nini kijiji kile hakina maji, huambiwa limeingia siasa. Likipeleka blanketi kwa wakimbizi hupigwa picha. Likiuliza silaha zilizowakimbiza zimepitia wapi, huambiwa lirudi altareni.

Rwanda ndilo jibu la kuwapa wasemao hivyo. Kabla ya mwaka 1994 nchi ile ilihesabiwa kuwa miongoni mwa nchi za Kikristo kuliko zote Afrika. Kanisa lilikuwa na shule, hospitali na miradi ya maendeleo kila upande. Halikuwa na upungufu wa kutoa. Lakini vitambulisho vilivyomtaja kila raia kwa kabila lake viliendelea kutolewa mwaka hata mwaka, watoto waliendelea kuhesabiwa kwa makabila shuleni, na sauti za kukemea zilikuwa chache na hafifu. Mauaji yalipoanza tarehe 7 Aprili 1994, watu walikimbilia makanisani, huko Ntarama, huko Nyamata, huko Nyarubuye, wakauawa humo humo ndani. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Aprili, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma, na ni Sinodi hiyo iliyolieleza Kanisa barani mwetu kuwa ni Familia ya Mungu. Hebu tufikiri uchungu wake: jina la familia linatafutwa, na ndugu wanachinjana mbele ya tabernakulo.

Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji yale, na Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Iwapo kutoa kungetosha, msamaha huo usingehitajika.

Tena fundisho hili si jipya. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya lazima ya kuihubiri Injili. Anayetaka Kanisa lilishe na kunyamaza anataka Kanisa lenye mikono lakini halina kinywa. Kanisa la namna hiyo linawafaa sana wenye kutesa, kwa maana hulifunga jeraha bila kumtaja aliyepiga.

4. “Sisi ni maskini, tutampa nani?”

Wengine hukimbilia upande huu. Husema kwamba kusaidia mataifa ni kazi ya wafadhili wa Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tunastahili kupokea tu. Wahenga walikwisha kuwajibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Makanisa ya Makedonia yaliyotoa kwa ukarimu mkubwa yalikuwa yenyewe katika umaskini mzito (2 Kor 8:1-4), na Paulo hakuwakatalia.

Lakini tunalo jibu jingine, nalo ndilo kubwa zaidi. Anayetoa ndiye mwenye nguvu ya kuuliza. Asiyetoa cho chote hujikuta amekaa pembeni, wengine wakiamua nani ale, nani arudishwe, nani asahauliwe. Debe moja la mahindi kutoka kila Jumuiya Ndogo Ndogo halitamaliza njaa ya Sudan. Litawapa waamini wa parokia haki ya kusema: nasi tumo katika kazi hii, tuonyesheni hesabu.

Makanisa yamewahi kuonyesha uwezo wao. Wakati wa vita vya Biafra, nchini Nigeria, kati ya mwaka 1967 na 1970, Wakatoliki na Waprotestanti waliungana wakakodi ndege. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, ndege hizo zilitua Uli, juu ya kipande cha barabara kilichogeuzwa kuwa uwanja. Zilifanya safari zaidi ya 5,000, na marubani na wahudumu kadhaa walipoteza maisha yao. Watoto wengi waliishi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, maswali hayakukosekana: wako wasemao mpaka leo kwamba fedha zilizolipwa kwa kutua na kwa huduma nyingine ziliusaidia upande mmoja kuendelea na vita. Hatutaji jambo hili ili kuwashutumu waliokufa katika kuokoa watoto. Tunalitaja ili ijulikane kwamba hata tendo la ushujaa linahitaji jicho la kulikagua.

5. Mgeni mpe jembe

Kuna lalamiko moja ambalo hatuwezi kulipuuza, kwa kuwa wanaolitoa ni watu wa vijijini wenye haki ya kulitoa. Wenyeji wa Ngara, Kasulu na Kibondo husema kwamba kambi zilikata miti yao, zilikausha visima vyao na zilileta ujambazi. Ni kweli kwamba misitu ya kuizunguka Benaco iliteketea kwa kuni. Lakini mtu aliyekatazwa kulima na kutoka kambini atapikia nini, na atanunua kuni kwa fedha gani? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi humnyima mgeni jembe kwa miaka 20, kisha humlaumu kwa kuwa mzigo.

Njia nyingine ilikuwapo, tena ilifuatwa hapa hapa. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huduma ya Wakimbizi ya Kikristo, TCRS, iliyoanza kazi nchini mwaka 1964, ilikuwa miongoni mwa walioyajenga makazi hayo pamoja na serikali. Baada ya miaka michache watu wale walijilisha wenyewe na kuuza mazao kwa wenyeji. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wale na wazao wao walitangazwa kuwa raia wa Tanzania. Huo ndio msaada uliouliza swali la kwanza: mtu huyu atasimamaje?

Linganisheni na yaliyofuata. Machi 1995 mpaka wa kuingia kutoka Rwanda na Burundi ulifungwa. Desemba 1996 wakimbizi wa Kinyarwanda waliambiwa waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Karibu nusu milioni walirudishwa kupitia Rusumo, na waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi waligeuzwa njiani na vyombo vya dola. Mwaka 1998 ikaja sheria iliyowafunga wakimbizi ndani ya kambi. Tunajua kwamba nchi yetu ilibeba mzigo ambao mataifa tajiri hayakutaka kuubeba, na yaliahidi mengi yakaleta machache. Lakini mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kwamba mkimbizi hurudi kwa hiari yake. Swali la haki halisimami mpakani. Tunawauliza walioua Rwanda, na tunaiuliza pia serikali yetu.

6. Tunadai nini

Vita havikwisha mwaka 1994. Tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimewafukuza makwao watu zaidi ya milioni 10. Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na watu waliokwisha kukimbia mara mbili au tatu wakakimbia tena. Katika miaka ya karibuni mgawo wa chakula kambini Kigoma umepunguzwa chini ya kiasi kamili kwa uhaba wa fedha. Matangazo yatasomwa tena kabla ya baraka ya mwisho. Kwa hiyo tunadai haya kwa kila parokia:

Kwanza, pasiwe na sadaka ya wahanga isiyo na taarifa. Katika muda wa miezi mitatu waamini wasomewe kanisani, au waandikiwe ubaoni, ni kiasi gani kilipatikana, kilikwenda wapi, kilinunua nini na nani alikigawa.

Pili, ulizeni nani ameshika orodha. Mgawo upewe kaya yenyewe, mama akiwa na kadi yake mkononi na mzani ukionekana na wote. Magunia yasikabidhiwe mkuu ili agawe kwa upendeleo wake. Palipo na watu waliosahauliwa, wawemo katika kamati kama wale saba.

Tatu, acheni kupeleka matambara. Nguo ambayo mtoaji anaionea haya si sadaka. Fedha kidogo inayonunua mahindi kwa mkulima aliye karibu na kambi humfaa mkimbizi na mwenyeji kwa pamoja.

Nne, kila anapotajwa mhanga, itajwe na sababu. Mhubiri na kiongozi wa jumuiya waseme juu ya silaha, juu ya madini yanayonunua silaha hizo, na juu ya viongozi wanaowagawa watu kwa makabila. Sala ya waamini inayoomba amani bila kutaja vita vyenyewe ni sala iliyofungwa macho.

Tano, tulinde ndimi zetu. Anayemwita mkimbizi kwa jina la tusi katika mkutano wa jumuiya, na ye yote anayecheka, wanaandaa njia ile ile iliyoishia Ntarama. Kiongozi amkemee palepale.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatawavunja moyo watoaji. La hasha. Anayevunjika moyo kwa kuombwa afuatilie sadaka yake alikuwa akinunua utulivu wa dhamiri. Mtu aliyelala njaa Sudan au Kongo hana haja na utulivu wa dhamiri zetu. Anahitaji unga leo, na kesho anahitaji kurudi kwake bila kuuawa. Unga bila swali utamfikisha mpaka kesho kutwa, kisha utamwacha mikononi mwa wale wale.

Fungueni mikono, ndugu wapendwa, na macho yawe wazi vile vile. Bwana aliyewalisha watu elfu tano hakuwaogopa Herode wala makuhani wakuu, na kanisa linalokula mkate wake halina ruhusa ya kuwaogopa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Sadaka ya mwisho iliyochangwa katika parokia yetu kwa ajili ya watu wa nchi nyingine ilikuwa lini? Ni nani kati yetu anayejua ilimfikia nani?

2. Someni Mdo 6:1-6. Katika misaada inayogawiwa hapa kwetu, wakati wa ukame au mafuriko, ni akina nani wanaosahauliwa, na orodha inashikwa na nani?

3. Ni neno gani juu ya wakimbizi au juu ya kabila jingine ambalo jumuiya yetu imeamua kwamba halitasemwa tena kati yetu?